MTAZAMAJI NDIYE SHAMBA
Somo letu: Watu wa video za simu na mashabiki wao

Siku hizi simu ya kuangalia video imefika hata katika vijiji vilivyo mbali na barabara kuu. Jioni, kazi za shamba zikiisha, vijana humzunguka mwenye simu hiyo. Wanacheka, wanabishana, wanaambiana, "Irudishe nyuma kidogo tuone tena." Wanayemwangalia si mchezaji wa sinema wala mtangazaji wa televisheni. Ni mtu tu aliyejipiga video mwenyewe, akaiweka kwenye intaneti. Lakini ukiwauliza vijana hao, watakutajia jina lake, jina la mtoto wake, na hata jina la mbwa wake. Watakuambia, "Huyu ni mtu wetu."

Sisi wakulima na wafugaji tunajua kwamba kila mtu ana mahali anapovuna. Basi tujiulize: mtu huyu hana jembe, hana duka wala ng'ombe, mbona anajenga nyumba? Shamba lake liko wapi? Katika somo hili tutajifunza kazi hii ilianzaje, kwa nini watu hawa wanapendwa, fedha yao inatoka wapi, na sisi tunaowaangalia tujihadhari na nini.

KAZI HII ILIANZAJE

Zamani mtu akitaka kuonekana na watu wengi, ilimbidi apite kwenye mlango wa wenye mitambo. Kituo cha televisheni kilikuwa na studio, mafundi na mhariri. Mhariri akisema hapana, basi safari imeishia hapo.

Mwaka 2005 huko Marekani, vijana watatu walianzisha YouTube. Majina yao ni Chad Hurley, Steve Chen na Jawed Karim. YouTube ni mahali katika intaneti ambapo mtu yeyote anaweza kuweka video yake, na watu popote duniani wakaiangalia. Video ya kwanza kabisa iliwekwa tarehe 23 Aprili 2005. Ni fupi mno, sekunde 19 tu. Jawed Karim amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya mji wa San Diego, anasema tembo wana mikonga mirefu. Basi, imekwisha! Sisi ambao tembo wanatulia mahindi hatuoni ajabu gani hapo. Ajabu ni kwamba kijana yule alijionyesha kwa dunia nzima bila kupita kwa mhariri yeyote.

Mwaka uliofuata, 2006, kampuni ya Google iliinunua YouTube kwa dola za Marekani bilioni 1.65. Hebu tufikiri. Kampuni yenyewe ilikuwa haijatimiza miaka miwili. Haikuwa na mgodi wala mashamba. Google ilinunua nini kwa fedha nyingi namna hiyo? Tulishike swali hili, maana jibu lake ndilo kiini cha somo letu.

Baadaye zilikuja njia nyingine kama Instagram na TikTok. Njia hizi zilirahisisha kazi zaidi. Mtu akiwa na simu moja tu anaweza kupiga video, kuikatakata, kuitia wimbo na kuituma, yote akiwa amekaa chini ya mti.

KIJANA WA MINDU TULIENI

Mfano mzuri tunao hapa hapa Tanzania. Katika kijiji cha Mindu Tulieni, mkoa wa Pwani, yuko kijana Mmasai anayejulikana kwa jina la Kili Paul. Alikuwa mfugaji kama vijana wenzake. Tangu utotoni alizipenda filamu za Kihindi. Kijijini kwake hakukuwa na umeme, ikambidi apeleke simu yake Lugoba kuichaji.

Kili Paul alianza kujipiga video akifuatisha nyimbo za Kihindi. Haimbi kwa sauti yake. Wimbo unapigwa, naye anafuatisha maneno kwa midomo, mikono na uso, kana kwamba ni yeye anayeimba. Dada yake, Neema, alijiunga naye. Wanavaa shuka na shanga zao za Kimasai, na nyuma yao yanaonekana majani, miti na mifugo. Mwishoni mwa mwaka 2021 walifuatisha wimbo mmoja wa filamu ya Kihindi iitwayo Shershaah. Video hiyo ilienea India kama moto wa kiangazi. Katika miezi michache wafuasi wa Kili Paul kwenye Instagram walipita milioni mbili.

Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimwalika kijana huyo na kumpongeza. Tarehe 27 ya mwezi huo huo, Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja Kili Paul na Neema katika hotuba yake ya redioni. Aliwaambia vijana wa India waige mfano huo: wafuatishe nyimbo za lugha nyingine za nchi yao, ili wajuane zaidi.

Ndugu wasomaji, tusiharakishe kusema, "Ana bahati huyo." Tuangalie alichofanya. Alijifunza maneno ya lugha asiyoijua mpaka midomo yake ikapatana na wimbo. Alitafuta maana ya maneno hayo ili uso wake uonyeshe huzuni mahali pa huzuni na furaha mahali pa furaha. Hakujificha wala kujifanya mtu wa mjini. Wahindi walifurahi kuona mtu wa mbali, aliyevaa mavazi ya kwao, ameheshimu lugha yao. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

KWA NINI WANAPENDWA HIVYO?

Sababu ni nyingi. Tutazame nne.

Sababu ya kwanza ni kwamba wanafanana nasi. Mchezaji wa sinema tunamwona amepambwa, anakaa katika jumba. Mtu wa video anaonekana jikoni kwake, sufuria imeungua, mtoto analia. Mtazamaji anasema, "Kumbe na yeye ni kama mimi!"

Sababu ya pili ni kwamba hawakati mguu. Wengi wao huleta video kila siku au kila wiki. Mtu anayepita nyumbani kwako kila siku na kukusalimu, mwisho unamzoea. Siku asipopita unauliza, "Jamani, fulani yuko wapi?"

Sababu ya tatu ni kwamba wanatazama moja kwa moja kwenye simu na kusema, "Rafiki yangu, habari za leo?" Nawe uliyeko nyumbani unaona kama umesalimiwa wewe. Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1956 wataalamu wawili huko Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika juu ya watu wanaotazama televisheni. Walieleza kwamba mtazamaji hujenga urafiki moyoni mwake na yule anayeonekana, lakini ni urafiki wa upande mmoja. Wewe unamjua yeye, yeye hakujui wewe. Ukiugua hatakuja kukujulia hali. Urafiki huu si dhambi, wala si ugonjwa. Unaweza kumfariji mtu aliye mpweke. Ila ni lazima tujue kwamba ni wa upande mmoja.

Sababu ya nne ni mashine yenyewe. Wengi wetu hatuijui hii. Video unazoletewa kwenye simu hazikuja ovyo ovyo. Mashine inaandika ulichoangalia, umekiangalia kwa muda gani, na wapi umekiacha. Ukitulia mbele ya video ya mbuzi, kesho itakuletea mbuzi wengine. Ukitulia mbele ya ugomvi, itakuletea ugomvi. Mashine haikuulizi kama jambo hilo lina faida kwako. Inataka usiondoke. Ndiyo maana mtu anasema, "Naangalia dakika tano tu," halafu anashtuka jogoo anawika.

FEDHA INATOKA WAPI?

Sasa turudi kwenye swali letu. Sokoni kuna muuzaji, bidhaa na mnunuzi. Tunapoangalia video bila kumlipa mwenye video, tunadhani sisi ni wageni walioalikwa kula bure. Sivyo. Mnunuzi ni mwenye tangazo: kampuni ya sabuni, ya soda, ya simu au ya benki. Anataka watu waione bidhaa yake. Anailipa YouTube ili tangazo lake litokee mbele ya macho yetu. Anachonunua ni muda wetu na macho yetu.

Kwa hiyo sisi watazamaji ni kama shamba. Muda wetu ndio mavuno. Mwenye video ndiye mkulima wa shamba hilo, na kampuni ndiyo mwenye ardhi na ghala. Hiki ndicho Google ilichokinunua mwaka 2006: watu wanaoangalia.

Mavuno yanagawanywaje? Kwa video ndefu za YouTube, katika kila shilingi 100 za matangazo yanayotokea kwenye video, mwenye video hupata 55 na kampuni hubaki na 45. Lakini si kila aliyeweka video anapata mgawo huo. Tangu mwaka 2018, mtu anayetaka kugawiwa fedha za matangazo kwa video ndefu hana budi kuwa na watu 1,000 waliojiandikisha kumfuata. Tena video zake ziwe zimeangaliwa kwa saa 4,000 katika miezi 12.

Tuchukue kalamu tupige hesabu. Tuseme video moja ina dakika 10. Watu sita wakiiangalia yote, ni saa moja. Kwa hiyo saa 4,000 ni sawa na 4,000 mara 6, yaani video iangaliwe mara 24,000 mpaka mwisho. Au tuseme una wafuasi 1,000 waaminifu kabisa. Ukitoa video mbili za dakika 10 kila mwezi, kwa mwaka ni video 24. Hizo ni dakika 240, yaani saa nne kwa kila mfuasi. Saa nne mara watu 1,000 ni 4,000. Umefika pale pale, ila kila mfuasi aangalie kila video mpaka mwisho, asikose hata moja. Nani ana wafuasi namna hiyo? Na hapo ndipo mgawo unaanza, bado hujatajirika.

Tunaeleza hivi kwa sababu wako vijana wanaoacha shule au wanaouza mbuzi wa baba wanunue simu kubwa, wakiamini kwamba mwezi ujao watakuwa matajiri. Hatuwakatazi kujaribu. Mwenye kipawa na ajaribu, kama alivyojaribu yule kijana wa Mindu Tulieni. Ila ajue kwamba hii ni kazi ya miaka, na mbegu nyingi haziooti. Jembe lisitupwe.

VISIMA VYA MTU WA VIDEO

Anayewazidi wote duniani kwa wafuasi kwenye YouTube ni Mmarekani Jimmy Donaldson, anayejiita MrBeast. Alianza mwaka 2012 akiwa bado mtoto wa shule. Juni 2024 aliipita T-Series, kampuni ya muziki ya India, akawa wa kwanza kwa idadi ya wafuasi.

Novemba 2023 Donaldson alitoa video akionyesha kwamba amechimba visima 100 katika nchi tano za Afrika: Kenya, Uganda, Somalia, Kamerun na Zimbabwe. Mamilioni ya watu waliiangalia. Nchini Kenya mjadala ukawa mkali. Wako waliosema, "Asante, watoto wetu wamepata maji safi." Wako waliosema, "Ni aibu. Tunalipa kodi, kwa nini tusubiri kijana wa video atoke ng'ambo?" Wengine walichukia kuona Afrika inaonyeshwa tena kama mahali pa kuomba tu.

Mwanakijiji anayejua adha ya maji hatadharau kisima. Akina mama wanaotembea saa mbili na ndoo kichwani hawaulizi kisima kimechimbwa na nani. Lakini mwanakijiji huyo huyo atauliza swali jingine: pampu ikiharibika, nani atanunua spea? Kamera ikishaondoka, kisima kinahitaji kamati, mfuko na fundi. Hayo hayaonekani kwenye video, na bila hayo kisima hufa.

USHABIKI UKIZIDI KIPIMO

Ushabiki ni jambo la kawaida. Tunashabikia Simba na Yanga, tunashabikia bendi na ngoma. Ushabiki huwaunganisha watu wasiojuana. Lakini ukizidi kipimo huwa pombe.

Tuchukue mfano mmoja. Msweden mmoja, Felix Kjellberg, anayejiita PewDiePie, alikuwa na wafuasi wengi kuliko mtu yeyote kwenye YouTube. Mwaka 2018 kampuni ya T-Series ilianza kumkaribia kwa idadi. Mashabiki wake wakaanzisha kampeni ya kuwaambia watu wajiandikishe kwake. Mwanzoni ilikuwa mzaha. Halafu mtu mmoja aliingilia maelfu ya mashine za kuchapa za watu wengine kwa njia ya intaneti, zikatoa karatasi za kampeni hiyo. Machi 2019 huko Brooklyn, New York, kaulimbiu yao iliandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu ya askari waliokufa vitani. Mwezi huo huo, tarehe 15, mtu mmoja aliwaua watu 51 katika misikiti miwili ya mji wa Christchurch, New Zealand. Kabla ya kuanza kuua, aliitamka kaulimbiu hiyo hiyo. Kjellberg hakuwa na uhusiano naye, na alisema jambo hilo lilimchukiza. Mwezi wa Aprili aliwaomba mashabiki wake waiache kampeni.

Tunajifunza nini? Mashabiki ni jeshi lisilo na jemadari. Mwenye jina hawezi kumzuia kila mtu anayelitumia jina lake. Kwa hiyo kila shabiki ajizuie mwenyewe. Kumpenda mtu wa video hakukupi ruhusa ya kumtukana asiyempenda.

Hatari nyingine iko karibu zaidi nasi. Wako matapeli wanaotumia jina na picha ya mtu maarufu. Wanakuandikia, "Hongera, umeshinda, tuma kwanza pesa ya usajili." Siku hizi wanaweza hata kutengeneza sauti na sura ya mtu kwa akili mnemba, yaani mashine zinazoiga kazi za akili ya binadamu. Unamwona anasema, kumbe hakusema. Kumbuka tulivyosoma: wewe unamjua yeye, yeye hakujui wewe. Basi amelijuaje jina lako? Kaijuaje namba yako? Usitume hata senti.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tupime gharama. Tuseme mtu anatumia shilingi 500 kila siku kwa bando la kuangalia video. Kwa siku 30 ni shilingi 15,000. Kwa siku 365 ni shilingi 182,500. Andika hesabu ya nyumba yako, halafu uliza bei ya mbolea au ya sare za shule. Hatusemi usiangalie. Tunasema ujue unalipa nini.

Pili, tuchague. Kama mashine inakuletea unachokitazama, basi tazama vya maana. Wako watu wanaofundisha kufuga kuku, kushona, kusoma Kiingereza na kutengeneza pikipiki. Ukitulia kwao, mashine itakuletea wengine wa namna hiyo. Lakini ukionyeshwa dawa ya mimea, mifugo au binadamu, muulize kwanza bwana shamba, mganga wa mifugo au mhudumu wa zahanati.

Tatu, tusikae mbali na watoto. Muulize mwanao, "Huyu unayempenda anasema nini? Hebu nionyeshe." Ukikaa naye mkaangalia pamoja, utajua kama anafundishwa au anapotoshwa. Ukimkaripia tu, ataangalia kwa siri.

Nne, kijana wa kijijini anayetaka kuanza, asaidiwe. Aonyeshe anachokijua: kilimo, mapishi, ngoma, vichekesho, hadithi za wazee. Asipige video ya mtu bila ruhusa, hasa mgonjwa, maiti au mtoto. Tena ajue sheria. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilianza nchini mwaka 2018 na zimekwisha kurekebishwa. Kabla ya kuanza kutoa habari, aulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kama anahitaji leseni.

Ndugu wanakisomo, tulijifunza kusoma ili tusidanganywe kwenye mizani ya pamba. Video za simu nazo zina mizani yake. Kinachopimwa humo ni muda wetu, na muda ukishatoka haurudi. Anayejua kwamba yeye ndiye shamba, atachagua nani amlime, na kwa saa ngapi.

MANENO YA KUJIFUNZA

Bando: kifurushi cha intaneti kinachonunuliwa kwa simu.
Kaulimbiu: maneno machache yanayorudiwarudiwa na watu wa kundi moja.
Mfuasi: mtu aliyejiandikisha ili aletewe video za mtu fulani.
Shabiki: mtu anayependa sana mtu, timu au jambo fulani.
Tapeli: mtu anayewaibia wengine kwa kuwadanganya.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kili Paul alifanya nini kilichowafurahisha watu wa India?
2. Eleza kwa maneno yako maana ya "urafiki wa upande mmoja".
3. Matangazo ya video moja ndefu yameleta shilingi 2,000. Mwenye video atapata shilingi ngapi, na kampuni itabaki na ngapi?
4. Kama mtu wa video angekuja kuchimba kisima kijijini kwenu, mngekubaliana naye mambo gani kabla hajaanza?
5. Kila mmoja ataje video moja iliyomfaa na moja iliyompotezea muda. Ni nini kilichozitofautisha?